Majibu Mazuri, Mwili Mzito

Hotuba ya mfamasia kwa wagonjwa wa tezi na familia zao, Tanga, Siku ya Thairoidi Duniani, 25 Mei

Shikamooni wazee wangu. Na wenzangu wa rika langu, habari za asubuhi. Naona akina mama mmejaa ukumbi na akina baba mnahesabika kwa vidole, na ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo: tezi hii ya shingoni huwasumbua wanawake mara tano hadi nane kuliko wanaume. Nyie mliowasindikiza wake zenu na mama zenu, heko. Mengi ya niliyokuja nayo leo yanawahusu nyie kuliko mnavyodhani.

Wengi waliokaa hapa wanameza levothyroxine, kidonge cha homoni ya tezi, kila siku. Kuna waliofanyiwa upasuaji wa goita, tezi ikaondolewa yote au sehemu yake. Kuna ambao tezi ilishambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, ugonjwa ambao daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliueleza mwaka 1912, na hao huenda shingo haikuwahi hata kuvimba. Sasa umekwenda maabara, jibu limerudi, TSH, kile kipimo cha tezi, iko ndani ya mipaka, daktari amekuambia, "Mama, uko sawa." Unatoka pale na miguu mizito vilevile. Nywele zinabaki kwenye kitana, choo kigumu, mchana usingizi na usiku macho makavu, jina la mtoto wa dada yako limekutoka kichwani. Ukifika nyumbani unaulizwa, "Wamesemaje?" Unajibu, "Wamesema niko sawa." Basi, kuanzia hapo ukijilaza mchana unaitwa mvivu, na ushahidi wanao kwenye karatasi.

Mimi nasema karatasi ni ya kweli na uchovu wako ni wa kweli. Karatasi ile iliulizwa swali moja tu ikalijibu. Maswali mengine hakuna aliyeyauliza, na hayo ndiyo tutakayoyauliza asubuhi hii.

Tuanze na hiyo TSH. Nipo Tanga, kwa hiyo sina haja ya kumweleza mtu mnyapara wa shamba la mkonge ni nani. Wafanyakazi wakilegea, anapaza sauti. Kazi ikienda, ananyamaza. TSH ni sauti ya mnyapara. Inatoka kwenye tezi ndogo ya pituitari, chini ya ubongo, kwenda kuiamrisha tezi ya shingoni itengeneze homoni. Homoni zikipungua, sauti inapanda, na maabara wanaona namba kubwa. Ukimeza dawa ya kutosha, sauti inashuka. Maabara, basi, wanapima kelele za mnyapara. Hawajaenda kiwandani kuhesabu mizigo iliyofika. Mara nyingi hakuna haja, maana mnyapara mzima na mwenye masikio mazuri hakosei. Lakini shikeni hilo neno "mzima," tutalirudia.

Karatasi nyingi zinaandika mipaka ya 0.4 hadi 4.0. Mipaka hiyo ilipatikana kwa kupima watu wengi wasio na ugonjwa, kisha wakachukuliwa asilimia 95 waliokaa katikati. Kwa hiyo ni mipaka ya kundi zima. Watafiti wa Denmark walipowapima watu walewale mwezi baada ya mwezi waliona kwamba kila mtu ana eneo lake, jembamba kuliko lile la kundi. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye 1 akikutwa na 3.8, karatasi haitatia nyota, ingawa kwake yeye kitu kimesogea. Ndiyo maana nawaomba, kila mara, msitoke kliniki na neno "sawa." Tokeni na namba, na tarehe, na dozi mliyokuwa mkimeza siku hiyo. Daftari la mtoto la shilingi mia chache linatosha kabisa.

Lakini nisiwadanganye upande wa pili. Kuna wanaosoma habari hizi halafu wanamwendea daktari wakitaka dozi ipandishwe mpaka TSH iwe 1 kamili. Jambo hili limepimwa: wagonjwa walipandishiwa na kushushiwa dozi ndani ya mipaka bila wao kuambiwa, na kwa ujumla hawakuhisi tofauti. Na mwaka 2017 utafiti mkubwa wa wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ambao TSH zao zilikuwa zimepanda kidogo tu, ulionyesha kuwa waliopewa levothyroxine hawakupata nafuu ya uchovu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa wengine namba ikisogezwa mwili unaitikia, kwa wengine hauitikii. Kujaribu chini ya uangalizi sawa. Kujiongezea mwenyewe nyumbani, hapana.

Na msiwachukie madaktari kwa kuishikilia TSH. Wana sababu. Mwaka 1891, kule Newcastle, Uingereza, daktari kijana aitwaye George Murray alimdunga mama wa miaka 46 maji yaliyokamuliwa kwenye tezi ya kondoo. Mama yule alikuwa amevimba uso, mzito wa maneno, anasikia baridi mwaka mzima. Akapona, akaishi mpaka 1919, miaka 28 zaidi. Tangu hapo kwa miongo mingi madaktari walipanga dozi kwa kumtazama mgonjwa na kumsikiliza: bado umechoka? Ongeza. Vipimo vizuri vya TSH vilipoenea, miaka ya 1970, ikaonekana kuwa wengi walikuwa wakimeza dawa kupita kiasi. Dawa ikizidi, moyo unaanza kudunda bila mpangilio, hasa kwa wazee, na mifupa inapoteza madini, hasa kwa mama aliyefunga hedhi. Kwa hiyo daktari anayekataa kukupandishia dozi huenda anaulinda moyo wako. Kosa, kama lipo, ni kuishia hapo na kufunga faili.

Haya, kabla hatujamlaumu yeyote, tukiangalie kidonge chenyewe. Hapa niko nyumbani kwangu, mtanivumilia nikirefusha.

Levothyroxine ni dawa yenye deko. Inataka tumbo tupu na maji matupu. Inataka ikae peke yake nusu saa, ikiwezekana saa nzima, kabla ya kitu kingine chochote. Sasa niambieni, nani hapa anaimeza na chai ya maziwa na maandazi? (Kicheko.) Mikono hiyo naiona, na waliokaa kimya pia nawajua. Maziwa yana kalsiamu, kalsiamu inaikamata dawa tumboni, sehemu yake inakwenda na choo. Kahawa nayo inapunguza kiasi kinachoingia. Vidonge vya damu, vile vyekundu mnavyopewa kliniki ya wajawazito, vinaikamata vibaya zaidi, na vile vya kalsiamu, na dawa za kupunguza asidi za kutafuna. Hivyo vyote viwe mbali nayo kwa saa nne. Omeprazole, ambayo siku hizi watu wanaimeza kama peremende, inapunguza asidi ya tumbo na kidonge hakiyeyuki inavyotakiwa.

Mtaniuliza: kama dawa haiingii, si TSH ingepanda? Ingepanda kama kila siku ungekosea kwa namna ileile. Lakini nani anakosea kwa mpango? Wiki hii umefunga, umeimeza vizuri. Wiki ijayo una wageni, umeimeza na chai. Dawa hii inakaa mwilini muda mrefu. Huchukua kama wiki moja ndipo nusu yake ipungue. Na TSH ni mzito wa kuhama, huchukua kama wiki sita kutulia baada ya badiliko lolote. Ukipimwa katikati ya kupanda na kushuka, unaweza kunasa siku nzuri katika miezi mibaya. Karatasi hiyo ni picha ya siku moja.

Waislamu wenzangu mtaniuliza kuhusu Ramadhani. Kumeza usiku kabla ya kulala, saa tatu baada ya kula, kumethibitika kufanya kazi vizuri sawa na asubuhi, na wengine inawafaa zaidi mwaka mzima kwa sababu usiku hakuna haraka ya chai. Au amka kabla ya daku, imeze na maji, subiri, ndipo ule. Chagua moja na udumu nalo.

Halafu joto. Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25, mbali na mwanga na unyevu. Nyuzi 25 Tanga mwezi wa Februari utazipata wapi? Naelewa. Lakini kuna tofauti kati ya kabati la chumba cha kulala na dirisha la jikoni. Kuna tofauti kati ya kidonge kilichobaki kwenye karatasi yake ya fedha na vidonge vilivyomwagwa vyote kwenye kikopo cha zamani cha vaselini. Dawa hii huharibika polepole bila kubadili rangi wala harufu, kwa hiyo hutajua. Na ukibadilishiwa kiwanda, mwezi huu pakiti ya kijani, mwezi ujao ya buluu, mwambie anayekuhudumia na upimwe tena baada ya wiki sita.

Kuna dawa nyingine zinazoivuruga. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampicin, ini lake linaiondoa levothyroxine haraka kuliko kawaida na dozi hulazimika kuongezwa. Dawa za kifafa kama carbamazepine na phenytoin hufanya hivyohivyo. Ethionamide, wanayopewa wenye kifua kikuu sugu, inaweza kuidhoofisha tezi ambayo haikuwa na tatizo. Ukienda kliniki mbili, kila kliniki ijue ya mwenzake.

Upande wa maabara nitapita haraka. Vidonge vya kurefusha nywele na kucha vina biotini nyingi, nayo ni aina ya vitamini, na biotini inavichanganya vipimo vya baadhi ya mashine: TSH inasomeka chini kuliko ilivyo na homoni zinasomeka juu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2017. Mama ambaye nywele zinakatika ndiye hasa anayenunua vidonge hivyo, kwa hiyo anayehitaji jibu sahihi ndiye anayepata jibu bovu. Acha siku mbili tatu kabla ya kipimo. Na siku ya kipimo nenda asubuhi, damu itolewe kwanza, kidonge baadaye.

Sasa turudi kwa mnyapara mzima. Je, mnyapara mwenyewe akiugua?

Mama aliyemwaga damu nyingi wakati wa kujifungua, presha ikashuka sana, anaweza kupona kila mtu akashangilia, kumbe ile tezi ndogo chini ya ubongo ilikosa damu ikafa sehemu kubwa. Harold Sheehan, mwanapatholojia wa Liverpool, aliandika habari zake mwaka 1937. Dalili zinaanzia kitandani palepale uzazini: maziwa hayatoki. Kisha hedhi hairudi, nywele za kwapani zinapungua, presha iko chini, baridi, uchovu wa kuburuta miguu, miaka inakwenda. Mama huyu akipimwa TSH peke yake, inaweza kuonekana nzuri kabisa, kwa sababu mnyapara hana sauti tena. Ukimya wake unasomwa kama kuridhika. Kinachomfichua ni kipimo cha homoni yenyewe, T4 huru, pamoja na kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo. Na hapa nawaomba mnisikilize: kama kotisoli imekosekana, hiyo inatibiwa kwanza. Ukimpa levothyroxine kabla ya hapo unaweza kumwangusha. Hatari hiyohiyo iko kwa mtu ambaye tezi zake za juu ya figo zimeharibiwa na kifua kikuu au na kinga ya mwili.

Huku kwetu ambako kumwaga damu uzazini bado kunawaua mama zetu, naamini wako walionusurika wanaobebeshwa majina: ana jini, amerogwa na mke mwenzie, amezaa kisha kajibweteka. Ukimjua mmoja, mwambie aeleze habari ya uzazi ule kwa daktari, hata kama ni miaka kumi iliyopita. Daktari asipoambiwa hataota.

Tukiyamaliza hayo, inabaki kuuliza kama uchovu ni wa tezi kweli. Hapa wagonjwa wengine hukasirika, wanaona kama nimewageuka. Ukishapewa jina la ugonjwa, kila kinachouma unakitundika kwenye jina hilo, na daktari naye hufanya hivyo. Lakini dalili za tezi si za tezi peke yake. Upungufu wa damu unachosha, unakatisha nywele, unaleta baridi. Na tezi ikilegea hedhi huwa nzito, kwa hiyo TSH ikisharekebishwa, madini ya chuma yaliyopotea kwa miaka miwili hayajarudi yenyewe. Omba wingi wa damu upimwe, na ferritini, kipimo cha akiba ya chuma, kama inapatikana, kwa sababu akiba inaweza kuisha kabla damu haijapungua. Mwenye Hashimoto, kinga yake huweza kushambulia pia tumbo, akakosa vitamini B12, ganzi miguuni na kusahau kukafuata. Na anayemeza metformin ya kisukari miaka mingi naye B12 yake hupungua. Anayekoroma na kukata pumzi usiku hatapata nguvu hata tezi yake ikiwa ya malaika. Mama wa miaka 47 anaweza kuwa anaingia ukomo wa hedhi. Sukari, VVU, kifua kikuu, vyote vipimwe bila kuoneana haya.

Na sonona. Najua likitajwa neno hili mtu anasikia "wamesema nina wazimu." Hapana, mama. Tezi na furaha ya mtu vinashikana, moja likianguka huvuta jingine, na hilo lililovutwa linaweza kubaki chini hata la kwanza likisimama. Lina dawa na lina mazungumzo yake. Kutibiwa sonona hakufuti ugonjwa wako wa tezi kwenye faili.

Kuhusu uzito niseme neno moja, maana najua ndilo lililowaleta baadhi yenu. Tezi ikilegea huongeza kilo mbili hadi tano hivi, nyingi zikiwa maji na chumvi. Kama ni kilo 20, tezi imesingiziwa.

Baada ya yote hayo, wanabaki watu. Wataalamu wa Ulaya wanakadiria asilimia 5 hadi 10 ya wanaotumia levothyroxine na TSH zao ziko vizuri bado wana dalili. Kwa nini? Kuna kisa. Tezi nzima hutoa homoni mbili, T4 kwa wingi na T3 kidogo, na T3 ndiyo yenye nguvu kwenye seli. Mwaka 1970 watafiti Marekani walionyesha kuwa watu wasio na tezi kabisa, wakipewa T4, miili yao huigeuza kuwa T3 yenyewe. Ndiyo sababu tunatoa T4 peke yake, yaani hiyo levothyroxine. Mwaka 1999 utafiti mdogo kutoka Lithuania, wagonjwa 33, ukasema waliochanganyiwa T3 kidogo walijisikia vizuri zaidi. Dunia ikasisimka. Tafiti nyingi zilizofuata hazikuona tofauti kwa wastani, ingawa katika baadhi yake wagonjwa wengi waliuchagua mchanganyiko. Inawezekana kuna kundi dogo ambalo miili yao haigeuzi vizuri. Mimi nalichukulia swali hili kuwa bado liko wazi, na T3 haiko kwenye rafu za maduka mengi ya dawa hapa kwetu. Ukiipata kwa mtu kupitia simu, hujui umeuziwa nini. Vivyo hivyo unga na vidonge vya "kuamsha tezi." Marekani walipovipima baadhi walikuta vina homoni zenyewe ndani, zisizoandikwa. Na vile vya mwani wa baharini vina madini joto mengi mno. Kwa mwenye Hashimoto vinaweza kuizidishia tezi ulegevu. Tunakula chumvi yenye madini joto, inatosha. Na mnaoambiwa mihogo na kabichi vinaiharibu tezi: mihogo iliyopikwa vizuri kuleni. Kabichi kuleni.

Huyu wa asilimia 5 hadi 10 ataishije kesho? Kwanza ajue kuwa mwili huchelewa; namba zikishakaa vizuri, misuli na kichwa vinaweza kuchukua miezi. Atembee, hata kama ni kutoka nyumbani hadi dukani na kurudi, kila siku, aongeze kidogo akiweza na asijiadhibu siku asiyoweza. Kazi nzito aiweke kwenye saa zake nzuri. Kama nguvu zako zinaisha saa nane mchana, kwa nini kufua kunaanza saa tisa? Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote, mtaniambia. Basi ibadilike.

Hapo ndipo naingia kwa akina baba. Mkeo hahitaji umwelewe T4. Anahitaji umchotee maji bila kutangaza mtaani. Anahitaji usimwambie mama yako kwa simu kwamba "hospitali wamesema hana kitu." Nenda naye kliniki, ukae ndani, usibaki kwenye benchi la nje na simu. Anayekuona umekaa ndani atamweleza daktari mambo ambayo peke yake huyafupisha, na wewe utasema uliyoyaona: anakoroma, amepungua sauti, jana alilia bila sababu. Daktari ana dakika chache. Mpeni vitu vitatu vinavyowasumbua zaidi, na lile daftari. Akisema yako sawa, ulizeni kwa adabu, "Asante daktari. Tezi tumeiona. Uchovu huu tuutafute wapi kwingine?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima na ni gumu kulikwepa.

Nimeongea sana, na waliofunga leo jua linawachosha. Maswali yaje, tuanze na wazee. Wakati huohuo, wale niliowaambia waje na pakiti zao za dawa wazipange kwenye meza hii kwa majina. Nataka kuona tarehe za kuisha muda, kiwanda, na zimekuwa zikikaa kwenye nini. Mwenye kikopo cha vaselini asikifiche.